Breki Peke Yake Haisimamishi Gari

Breki huzuia gurudumu. Kinachosimamisha gari ni msuguano kati ya tairi na barabara. Katika lami kavu, gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa huhitaji takribani mita 14 kusimama baada ya breki kushika. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali huwa mara nne: mita 56.

Masika, lami ya Ifakara inapolowa na kutapakaa tope la matrekta yatokayo mashamba ya mpunga, msuguano waweza kupungua kwa nusu, na umbali huongezeka maradufu. Tairi kipara huzidisha hatari, kwani haliondoi maji. Breki mpya haziwezi kufidia upungufu huo.

Dereva anayekaribia alama za pundamilia mbele ya shule hana budi kupunguza mwendo kabla hajamwona mtoto.