Nenosiri ni Kufuli Lako: Somo kwa Wanaoanza Kutumia Intaneti

Ukikodi chumba Makina, Gatwekera au Kawangware, jambo la kwanza ni kununua kufuli lako mwenyewe. Hukubali ufunguo ubaki kwa mpangaji aliyehama. Lakini kwenye intaneti wengi wetu tunakubali, bila kujua.

Tuseme kijana anataka pasipoti. Anaenda saiba, na mhudumu anamfungulia barua pepe na akaunti ya eCitizen. Mhudumu ndiye anayechagua nenosiri na kuliandika katika daftari lake. Miezi sita baadaye kijana anarudi na kukuta saiba imehama. Hana nenosiri, wala hawezi kuingia katika barua pepe ambayo ingemsaidia kupata jingine. Maombi na risiti zake zimo katika akaunti ambayo yeye hawezi kuifungua, ila mwenye daftari anaweza. Huenda mhudumu hakuwa na nia mbaya, lakini hasara ni ya kijana.

1. Chapa mwenyewe. Mhudumu akusaidie kujaza fomu. Mkifika penye nenosiri, mwombe akupishe uchape wewe. Weka nambari yako ya simu, si yake. Linda barua pepe kuliko vyote, kwa sababu anayeifungua anaweza kuomba nenosiri jipya la akaunti zako nyingine.

2. Chagua refu. Kila herufi ndogo unayoongeza huzidisha kazi ya mwizi anayebahatisha mara 26. Unganisha maneno manne yasiyohusiana, kama vile sufuria-mvua-kiatu-ndimu. Usitumie mfano huu, kwa kuwa umeshachapishwa. Mfumo ukidai herufi kubwa na tarakimu, ziongeze.

3. Usitumie tarehe ya kuzaliwa. M-Pesa hufunga nambari ya siri ikikosewa mara 3. Lakini mwizi hahitaji hata mara hizo 3 ikiwa umetumia mwaka wako wa kuzaliwa, kwani uko kwenye nakala ya kitambulisho uliyoiacha dukani. Kama umeutumia, piga *334# ubadilishe nambari hiyo leo.

4. Kila akaunti na nenosiri lake. Ukitumia moja kila mahali, likivuja umepoteza vyote. Ukihofia kusahau, andika katika daftari na ulifiche nyumbani. Usiliweke pamoja na kitambulisho, wala karatasi yake chini ya kava ya simu.

5. Toka kabla ya kuondoka. Kompyuta ya saiba ikiuliza kama ihifadhi nenosiri, kataa. Ukimaliza, bonyeza Sign out au Log out. Kufunga ukurasa tu hakutoshi, kwani anayekuja baada yako anaweza kuukuta mlango wazi.

6. Usimtajie mtu tarakimu zinazotumwa kwa simu. Tarakimu zinazokuja kwa SMS ili kuthibitisha kuwa ni wewe ni sehemu ya kufuli. Anayekupigia na kuziomba, hata akijitambulisha kuwa afisa wa kaunti au wa kampuni ya simu, ni tapeli. Kata simu. Mteja wa Safaricom anaweza kutuma ujumbe wa utapeli kwa 333.

Sheria nayo iko upande wako. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inasema anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Hata hivyo, kesi huchukua muda, na kubadilisha nenosiri ni kazi ya dakika chache.

Zoezi la wiki hii: Andika orodha ya akaunti zako zote: barua pepe, eCitizen, KRA, Facebook na nyinginezo. Weka alama kwenye kila moja iliyofunguliwa na mtu mwingine. Anza na barua pepe, kisha ubadilishe moja baada ya nyingine. Ukimaliza, mfundishe jirani.