Tyubu Sita, Kiwele Kilekile

Chujio ndilo lililonitonya. Ilikuwa alfajiri ya masika, ndege ya kwanza imeshapita juu ya mabati yetu hapa Kiwalani, Dar es Salaam, nami namimina maziwa ya Kidoti kwenye sufuria. Kwenye kitambaa vikabaki vipunje vyeupe kama mchele uliolowana. Nikavibonyeza, vikapondeka. Nikarudi bandani nikampapasa. Upande wa kushoto laini, hauna neno. Upande wa kulia una joto, na ndani yake pana kigumu mfano wa ndimu.

Kidoti ni chotara wa mbuzi wa Kinorwe. Mama yake nilimtoa Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, ambako mbuzi hao wa maziwa waliingizwa miaka ya 1980 kupitia wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, wakishirikiana na Wanorwe. Kule juu kuna baridi, na mteremko wenyewe unaondoa maji bandani. Huku kwetu ni joto na unyevu, na mvua ikipiga siku mbili mfululizo maji yanakaa uani kama mgeni asiyeaga. Bakteria hawahitaji mwaliko mwingine.

Naandika haya kwa sababu nilipoteza karibu miezi mitano nikitibu kiwele kimoja, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa naukuza ugonjwa kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilichokosea

Nilifanya wanachofanya wengi. Nilikwenda duka la dawa za mifugo, nikaeleza dalili kwa maneno mawili, nikapewa tyubu tatu za kuweka kwenye chuchu, zile za ng'ombe. Siku ya pili vipunje vikaisha, nikashangilia. Wiki tatu baadaye vikarudi. Nikanunua nyingine tatu. Katikati hapo nikamchoma sindano ya oksitetra iliyobaki kwa jirani, mara moja tu, kwa kukisia uzito. Mwezi wa tatu, mbuzi wa pili, Bibie, naye akaanza kutoa maziwa ya majimaji.

Ndipo nikampigia bwana mifugo. Akaja jioni na pikipiki yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Umempa dawa gani?"

Nikazitaja zote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa unatibu nini?"

"Kiwele, mzee."

"Kiwele ni mahali, mama. Mimi nakuuliza mdudu."

Sikuwa na jibu. Tyubu sita zilikuwa zimeingia kwenye chuchu ile na hakuna hata mmoja wetu aliyejua zinapigana na nani.

Kwa nini hauponi

Alinieleza akiwa amechuchumaa bandani, nami naeleza kama nilivyomwelewa. Bakteria wa kiwele wako makundi mawili makubwa. Wapo wa mazingira, wanaotoka kwenye samadi, tope na maji machafu, E. koli ni mmoja wao. Na wapo wa kuambukizana, wanaoishi kwenye kiwele chenyewe na kwenye ngozi ya chuchu, wakihama kutoka mbuzi hadi mbuzi wakati wa kukamua. Mkorofi wao ni Stafilokokasi aureus.

Huyu Stafilokokasi akikaa muda anajijengea. Anaingia ndani ya seli, na mwili wa mbuzi unamzungushia ukuta wa nyama ngumu. Ile ndimu yangu ndiyo hiyo. Dawa inapita kwenye maziwa, inaua walioko nje, vipunje vinaisha, mfugaji anashangilia. Walioko nyuma ya ukuta wanasubiri. Ukikatiza dozi, au ukichoma sindano moja ya kubahatisha, unawaacha hai wale walioizoea dawa.

Kundi la kwanza tiba yake inaanzia kwenye sakafu, na la pili inaanzia kwenye mikono ya mkamuaji. Usipojua una lipi, utafagia banda mwaka mzima huku ukiambukiza kwa vidole.

Hatua ya 1: Pima nyumbani, pande zote mbili

Mbuzi ana chuchu mbili, na hiyo ni bahati: upande mmoja unakuwa shahidi wa mwenzake. Kila asubuhi natoa michirizi miwili au mitatu ya kwanza kwenye kikombe cheusi. Mabonge, usaha, damu au majimaji yanaonekana papo hapo.

Lakini kuna ugonjwa uliojificha, maziwa meupe safi na seli za kinga zimejaa. Kwa huo kuna kipimo kilichobuniwa California mwaka 1957, kinachotumia kimiminika chenye asili ya sabuni. Sabuni inapasua seli za kinga zilizomo kwenye maziwa, vinasaba vyake vinamwagika, na mchanganyiko unakuwa mzito kama mlenda. Cha nyumbani kinatumia sabuni ya unga ya kufulia: gramu 15 kwenye nusu lita ya maji. Chukua maziwa na maji hayo kwa vipimo sawa kwenye kisahani, kila upande kisahani chake, zungusha taratibu kwa dakika moja, kisha mwaga. Kisahani cha kulia cha Kidoti kilivutika kama ute wa yai. Cha kushoto kilibaki maji.

Angalizo: mbuzi kwa maumbile yake ana seli nyingi kwenye maziwa kuliko ng'ombe, na zinaongezeka anapokaribia kukauka. Uzito kidogo kwenye pande zote mbili usikutishe. Tafuta tofauti kati ya kulia na kushoto.

Hatua ya 2: Peleka maziwa maabara kabla ya kununua dawa

Sisi wa Dar tuna bahati tunayoipita kila siku kwenye daladala. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, uko Temeke, pale watu wanapopaita Veterinari, na kutoka Kiwalani si safari. Mwombe bwana mifugo wako akupe utaratibu. Maabara wanaotesha bakteria, wanamtambua, kisha wanajaribu ni dawa zipi zinamuua.

Sampuli ikichukuliwa vibaya, jibu litakuwa la uchafu wa mkono wako. Nilivyoelekezwa:

1. Osha mikono, kausha chuchu. Ikiwa na maji, yanateremka na uchafu.
2. Futa ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti, ukibadilisha pamba mpaka ya mwisho ibaki nyeupe.
3. Mwaga michirizi ya kwanza.
4. Laza kichupa ubavu, usikisimamishe chini ya kiwele, vumbi na manyoya yasidondokee ndani. Mililita 5 zinatosha.
5. Andika jina la mbuzi na upande, weka kwenye barafu, peleka siku hiyohiyo.

Chukua kabla ya kuanza dawa. Maziwa yenye dawa yanaweza kuzuia bakteria wasiote, ukaambiwa hamna kitu na kumbe wapo.

Jibu langu lilisema Stafilokokasi aureus, kwa Kidoti na kwa Bibie. Mdudu mmoja, mbuzi wawili, mkamuaji mmoja.

Hatua ya 3: Tibu kwa ukamilifu, au usianze

Dawa na dozi aliandika bwana mifugo kwa kufuata jibu la maabara. Za mbuzi wangu si lazima ziwe za wako, kwa hiyo sizitaji. Ninachoweza kukupa ni namna ya kuiweka.

Kamua kwanza upande mgonjwa mpaka uishe. Ugonjwa ukiwa mkali, kamua mara nne hadi sita kwa siku na ukande kwa kitambaa cha maji ya moto. Kila unachokitoa kinatoka na bakteria na sumu yao. Usikamulie chini. Mimi nakamulia kwenye kopo lenye dawa ya klorini.

Ncha ya tyubu ya ng'ombe ni kubwa kwa chuchu ya mbuzi. Usiizamishe yote, ingiza milimita chache tu kisha sukuma. Mwanzoni nilikuwa naizamisha mpaka mwisho, Kidoti anaruka, na kumbe nilikuwa naumiza tundu la chuchu na kuwafungulia bakteria njia. Tyubu moja ni ya chuchu moja; usigawe nusu kulia nusu kushoto.

Maziwa ya kipindi cha dawa usiuze, usinywe. Tena siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye tyubu mara nyingi zimepimwa kwa ng'ombe, kwa mbuzi huenda ukatakiwa kuongeza, muulize mtaalamu. Na yule anayesema "nitachemsha" ajue hili: kuchemsha kunaua Stafilokokasi, lakini sumu aliyokwisha kuitema kwenye maziwa inastahimili moto. Chai ya maziwa hayo inaweza kukutapisha hata kama ilichemka robo saa.

Kuna hali mbili za kutambua mapema. Kiwele kikiwa cha baridi, rangi ikigeuka bluu au nyeusi na mbuzi amelala, hataki kula, hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Nyama inaoza na mbuzi anaweza kufa. Na mbuzi akizaa kiwele kikawa kigumu pande zote mbili kama jiwe, bila joto na bila maziwa, inaweza kuwa ni virusi. Antibayotiki hazina kazi hapo, okoa pesa yako.

Hatua ya 4: Rekebisha mkamuaji

Hapa ndipo pananiuma kusimulia. Nilikuwa na kopo moja la mafuta ya kukamulia. Nachovya vidole, namkamua Kidoti, nachovya tena, namkamua Bibie. Nilikuwa na kitambaa kimoja cha kufutia viwele vyote, kimelowa kwenye ndoo moja. Kama ningetaka kuwagawia ugonjwa kwa makusudi nisingepata njia bora.

Sasa kila mbuzi ana kitambaa chake, kinachemshwa na kuanikwa juani. Mafuta nimeacha. Nanawa kwa sabuni kati ya mbuzi na mbuzi. Na kuna foleni: wanaozaa mara ya kwanza mbele, wakubwa wazima wanafuata, mgonjwa wa mwisho siku zote.

Nikimaliza, nachovya chuchu kwenye ayodini. Ya dukani ya mifugo ikikosekana, nanunua povidoni ayodini ya asilimia 10 famasi, nachanganya na maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kwa nusu, na matone ya glisirini ngozi isipasuke. Natengeneza ya siku hiyo tu. Kikombe cha kuchovyea kikiingia uchafu, namwaga.

Halafu nawawekea chakula: majani, maganda ya ndizi, pumba kidogo na mashudu. Tundu la chuchu linabaki wazi karibu nusu saa baada ya kukamua. Mbuzi anayekula amesimama, na anayesimama hajaweka tundu hilo kwenye samadi. Sakafu nayo nimeiinua kwa mbao zenye nafasi, mavi yapite na kwato isipite.

Hatua ya 5: Kausha, kisha amua

Bibie alikuwa ameugua wiki chache tu. Alipona kwa dozi moja kamili, na vipimo viwili vya baadaye vikatoka safi.

Kidoti alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mbuzi anabeba karibu siku 150, kwa hiyo zilibaki siku kama 60, muda unaofaa kabisa kukausha. Tulipunguza pumba, tukaacha kukamua, tukaweka tyubu ya kipindi cha kukauka kila chuchu. Dawa hiyo inakaa muda mrefu kwa sababu hakuna anayeikamua nje, na ndiyo nafasi bora ya kuwafikia waliojificha.

Alizaa jike. Nikamtenga mtoto kabla hajanyonya, nikamlea kwa chupa kwa dang'a na maziwa ya mbuzi mzima. Siku ya kumi nikapima mama. Kushoto maji. Kulia, mlenda.

Bwana mifugo hakuzunguka: mbuzi aliyeshindwa kupona hata kipindi cha kukauka ni ghala la ugonjwa, na kila siku ya kumweka ni bahati nasibu kwa wenzake. Kuna aliyetaka kumnunua akamkamue huko kwake. Nilikataa. Kumuuzia mfugaji mwenzio mbuzi wa namna hiyo ni kumuuzia moto kwenye mfuko wa plastiki. Nilisubiri siku za dawa kutoka kwenye nyama ziishe, akaenda machinjioni, Vingunguti. Siku hiyo sikula chakula cha mchana.

Yule mtoto wake sasa ni mkubwa, amezaa, na ndiye anayeanza kwenye foleni. Kisahani chake kila mwezi ni maji, kulia na kushoto. Nafasi ya mwisho kwenye foleni haina mbuzi, na kitambaa cha Kidoti nimeking'oa msumarini.