SOMO LA MWEZI: GARI LA ZAMANI NA KIPIMO CHA MOSHI



Wengi wetu wa Arua na Koboko twafika kazini kwa magari yaliyokwisha kutumika miaka mingi: malori ya tumbaku na mbao, pikapu, na mabasi madogo. Gari likitoa moshi mzito, anayesimamishwa barabarani ni dereva. Likizuiwa, waliolipanda wote wamepoteza siku ya kazi. Katika somo hili tutaeleza kipimo kinatafuta nini, gari la zamani litayarishwe vipi, na ni nani anayepaswa kulipa.

1. KIPIMO KINATAFUTA NINI

Kwa gari la petroli, mrija wa mashine hutiwa ndani ya bomba la moshi. Mashine hupima hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, pamoja na petroli iliyotoka bila kuungua. Kwa gari la dizeli, gia huachwa huru, mafuta hukanyagwa mpaka mwisho, na mashine hupima weusi wa moshi.

Tuchukue mfano wa Uingereza, ambako magari hupimwa kila mwaka. Gari la petroli la mwishoni mwa miaka ya 1980 hupita kama kaboni monoksaidi haizidi asilimia 3.5. Gari jipya zaidi, lenye kisafisha moshi kiitwacho katalisti, haliruhusiwi kufika hata asilimia 1. Maana yake ni kwamba gari kuukuu halidaiwi kuwa jipya. Linadaiwa kutunzwa.

Hapa Uganda kampuni ya SGS ilipewa mkataba wa kukagua magari mwaka 2015, na mwaka 2017 Bunge likaupinga. Mwaka 2018 sheria ya usalama barabarani ilirekebishwa ili kukataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Lakini magari yaliyokuwa yamo nchini yalibaki, na moshi wao twauvuta sisi.

2. RANGI YA MOSHI

Kabla ya mashine yoyote, tutumie macho yetu.

(a) Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Chujio la hewa limeziba, nozeli zimechakaa, pampu imefunguliwa kupita kiasi, au mzigo umezidi.

(b) Moshi wa buluu: injini inaunguza oili. Ringi za pistoni au sili za valvu zimekwisha.

(c) Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto: mara nyingi maji yanaingia ndani kwa sababu gasketi ya hedi imeungua, au dizeli haiungui sawasawa.

3. TUANZE NA KAZI YA BEI NDOGO

Kosa la mafundi wengi ni kufungua injini kabla ya kuangalia vitu vidogo. Tufuate utaratibu huu.

Kwanza, chujio la hewa. Wakati wa kiangazi vumbi la njia za mashambani hulijaza kwa siku chache. Chujio la karatasi lisioshwe kwa maji; likiziba, libadilishwe.

Pili, oili na chujio lake. Oili iliyochoka huchangia moshi.

Tatu, kwa petroli, tuangalie plagi, nyaya zake na taimingi. Plagi yenye masizi meusi makavu yasema petroli ni nyingi mno. Tukumbuke pia kwamba Arua iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika kumi. Kabureta iliyorekebishwa pwani itamwaga petroli nyingi mno ikifika huku. Fundi airekebishe hapa hapa.

Nne, kwa dizeli, nozeli zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia. Pampu isifunguliwe ili lori lipande mlima na mzigo wa kupindukia.

Tano, mafuta yenyewe. Tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zimekubali dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Lakini dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, au ya dumu lenye maji, huharibu nozeli na pampu. Akiba ya leo huwa deni la kesho.

4. SIKU YA KIPIMO

Gari liendeshwe dakika 20 hivi kabla ya kupimwa, kwani injini baridi hutoa moshi mwingi. Bomba la moshi lisiwe na tundu. Kwa dizeli, mkanda wa taimingi na kiasi cha oili vikaguliwe kwanza, maana injini itazungushwa kwa nguvu. Kupunguza pampu kwa siku moja na kuifungua tena kesho yake ni kujidanganya: karatasi itapatikana, na moshi utarudi.

5. AFYA YETU NA MFUKO WETU

Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Kwa hiyo injini isiwashwe kamwe ndani ya gereji iliyofungwa, hata kama kuna mvua.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yaweka mipaka ya makato ya mshahara. Gari ni mali ya mwajiri, na chujio na nozeli ni gharama yake. Dereva aandike kila kasoro katika daftari, aweke tarehe, na msimamizi atie sahihi. Faini ikija, daftari hilo ndilo shahidi wake.

6. MASWALI YA KUJADILI TAWINI

(i) Magari yanayotubeba yanatoa moshi wa rangi gani?
(ii) Chujio la hewa lilibadilishwa lini mara ya mwisho, na nani anaweka kumbukumbu?
(iii) Dereva akitozwa faini kwa kasoro aliyokwisha kuiandika, tawi letu litafanya nini?