Barua Yako Isipojibiwa

Mjane ameiandikia wizara kuulizia pensheni ya marehemu mumewe. Miezi mitatu imepita bila jibu. Je, aendelee kusubiri? La. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa haraka, kwa ufanisi na kwa kufuata sheria. Kunyamaza si jibu.

Kwanza, pata uthibitisho kwamba barua imepokelewa. Peleka nakala mbili: moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wenye tarehe, urudi nayo. Bila muhuri huo, ni rahisi ofisi kukana kuipokea.

Pili, andika barua ya ukumbusho ukitaja tarehe ya ile ya kwanza. Ikiwa unachotaka ni habari, kwa mfano faili yako imefikia wapi, taja Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu. Muda huo ukipita kimya, ombi huhesabiwa kuwa limekataliwa.

Tatu, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman, kwa mdomo au kwa maandishi. Huduma hii hailipiwi. Usikawie: ombi la kupitia upya uamuzi wa kunyimwa habari huwasilishwa ndani ya siku 30. Kumbuka pia kwamba Tume haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani.