Chunusi na Mizimu ya Mito katika Visakale vya Kijerumani: Suala la Ukale wa Lorelei

Makala haya yanachunguza viumbe wa mitoni katika visakale vya Wajerumani kwa lengo la kuonyesha kuwa umaarufu wa kisa si ithibati ya ukale wake. Hoja hiyo inajengwa kwa kuwalinganisha viumbe wawili: yule aitwaye Nixe (au Nix, akiwa wa kiume) na Lorelei wa mto Rhine.

Kiistilahi, neno la Kiswahili linalokaribiana zaidi na Nixe ni chunusi, yaani pepo wa majini anayesadikiwa kuwazamisha watu. Hata hivyo, yafaa kumtenga chunusi, ambaye hakuwahi kuwa binadamu, na mzimu, ambao ni roho ya mtu aliyekufa. Tofauti hiyo hujitokeza pia katika visakale vyenyewe. Katika mkusanyo wa Jacob na Wilhelm Grimm uliochapishwa mwaka 1816 na 1818, mna kisa cha mkulima anayezuru makao ya pepo wa maji na kukuta vyungu vilivyofudikizwa. Chini ya vyungu hivyo zimefungiwa roho za watu waliozama. Baadaye mkulima anarudi kwa siri, anavifunua, na roho zinapata uhuru. Hapa pepo ndiye mfungaji, na mizimu ndiyo wafungwa wake.

Ukale wa chunusi huyu unathibitishwa na lugha. Katika Kijerumani cha Juu cha Kale, neno nihhus lilitumika hata kwa maana ya mamba. Katika Kiingereza cha Kale, nicor, neno la asili moja na hilo, linataja madubwana ya majini katika utenzi wa Beowulf. Katika masimulizi ya baadaye dubwana hilo limevaa umbo la mtu: huenda sokoni kama watu wengine, lakini hutambulikana kwa pindo la nguo lililolowa maji.

Habari za Lorelei ni tofauti. Hilo ni jina la jabali lenye kimo cha mita 130 hivi, karibu na mji wa Sankt Goarshausen, lililojulikana tangu zamani kwa mwangwi wake. Mwanamke wa jabali hilo alibuniwa na Clemens Brentano katika shairi la mwaka 1801. Naye humo ni binadamu, anayeshutumiwa kuwaroga wanaume, na mwishowe anajitupa mtoni. Mwaka 1824 Heinrich Heine alimketisha juu ya jabali akichana nywele zake, na akakitaja kisa hicho kuwa cha kale. Friedrich Silcher alipolitungia shairi hilo muziki mwaka 1837, liliingia vinywani mwa watu kama urithi wa mababu.

Hatari yenyewe ya mto si ya kubuni. Mkondo wa hapo ni mwembamba na wenye kona. Tarehe 13 Januari 2011 meli iitwayo Waldhof ilipinduka karibu na jabali hilo. Washairi waliipa hatari hiyo sura ya mwanamke.

Kwa hiyo, mtafiti wa fasihi simulizi hana budi kutambua kuwa kauli ya "hapo zamani za kale" ni sehemu ya sanaa ya utambaji. Tarehe ya kisa hutafutwa katika maandishi ya awali na katika historia ya maneno.