Mabakuli ya Kale Katika Majengo ya Pwani

Msafiri aendaye Mambrui, kaskazini ya Malindi, huonyeshwa kaburi la kale lenye nguzo iliyopachikwa mabakuli ya Kichina. Katika Gede pia wajenzi walipamba kibla ya msikiti mkuu kwa vyombo vya namna hiyo. Leo twataka kumfundisha msomaji jinsi ya kuvitambua vyombo hivi, na kwa nini haifai kuving'oa.

Kwanza yatupasa kutofautisha namna mbili. Kauri ya Kichina hufanywa kwa udongo mweupe, nayo huchomwa kwa moto mkali sana hata udongo wote huwa mgumu mfano wa kioo. Wafinyanzi wa nchi nyingine waliitamani, lakini hawakuijua siri yake. Basi katika karne ya 9 mafundi wa Iraki walitafuta hila. Walichukua udongo wa kawaida, wakaupaka uji wa kioo kilichosagwa uliochanganywa na madini ya bati. Chombo kilipochomwa kilipata ngozi nyeupe. Ufundi huo ulipita Hispania na Italia, ukafika Uholanzi, na katika karne ya 16 ukaingia Uingereza. Huko mafundi wa London, Bristol na Liverpool walichora maua ya samawati juu ya uji huo ulipokauka, kabla ya kuuchoma. Rangi ilinyonywa upesi, hata kosa la mkono halikuweza kufutwa. Vyombo hivyo hutafutwa sana na wakusanyaji wa Ulaya.

Kuvitambua si vigumu. Tazama mahali palipovunjika. Ikiwa ni kauri, utaona weupe toka nje hata ndani. Ikiwa ni chombo kilichopakwa bati, weupe ni ngozi tu, na chini yake ni udongo wa manjano au wa kahawia. Vigae vya Iraki vya namna hii vimefukuliwa Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu.

Sasa tutazame faida yake. Mtaalamu James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gede mwaka 1948, alikadiria umri wa majengo kwa msaada wa vyombo hivyo. Hoja ni nyepesi: bakuli likiwa limejengewa ukutani, ukuta hauwezi kuwa wa kale kuliko bakuli. Tena kigae kilicho chini ya sakafu kiliangushwa kabla sakafu haijatiwa. Lakini bakuli likiisha kung'olewa na kuwekwa kabatini mwa mtu, ushahidi huo umepotea. Katika makaburi mengi ya pwani yamebaki mashimo ya mviringo tu.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yakataza kuchimbua vitu vya kale bila kibali, wala kuvipeleka nchi za nje bila ruhusa. Mji wa Gede nao uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Basi mkulima akifukua kigae kwa jembe, asikiuze. Na akiache hapo alipokikuta, atie alama, kisha apeleke habari Makumbusho ya Gede au ya Malindi.

Mwenye kupenda kukusanya na akusanye habari: mahali kilipoonekana, kina chake, na rangi ya ukingo uliovunjika. Mali hiyo haina sheria ya kuizuia, nayo itawafaa wajukuu wetu.