SOMO LA WANAUSHIRIKA: MFUKO WA MASOMO NA MAKTABA YA CHAMA CHA MSINGI

Kijana amalizaye kidato cha nne katika mkoa wa Shinyanga au wa Geita hufanya mtihani wake mwezi Novemba, hupata matokeo mwezi Januari, na kama amechaguliwa kuendelea huanza kidato cha tano mwezi Julai. Yule wa kidato cha sita hufanya mtihani mwezi Mei, naye hungoja chuo hadi Oktoba au Novemba, isipokuwa kama ameitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa muda. Miezi hii ya kungoja ndiyo inayopoteza vijana wengi. Machimbo ya Lwamgasa, Mgusu na Nyarugusu hayaulizi cheti. Kijana hushuka duarani kwa nia ya kutafuta nauli tu, akapata kidogo, akanunua simu, akarudi tena. Barua ya kuitwa shuleni ikija humkuta akilinda karasha la mtu mwingine. Wa kike naye hukuta ng'ombe wa mahari wamekwisha kuzungumzwa.

Somo hili lahusu jambo ambalo chama cha msingi chaweza kulifanya ndani ya miezi hiyo, yaani kuwa na maktaba ndogo, na pamoja nayo mfuko wa kuwasaidia wahitimu wanaoendelea na masomo.

Wapo wanachama watakaouliza iwapo kazi hiyo ni ya ushirika au ni ya Serikali. Jibu ni la zamani kuliko chama chochote cha Kanda ya Ziwa. Wale waanzilishi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwezi Desemba 1844, hawakukaa miaka mingi kabla ya kuweka chumba cha kusomea magazeti na vitabu juu ya duka lao. Tangu miaka ya 1850 walitenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Hawakuwa matajiri, walikuwa wafumaji na mafundi waliouza unga na siagi. Muungano wa Ushirika wa Kimataifa ulipozipitia upya kanuni za ushirika mjini Manchester mwaka 1995, elimu ilibaki kanuni ya tano, na kuijali jamii ikawa ya saba. Kwa hiyo chama kinachomsaidia mtoto wa jirani asiye mwanachama hakivunji kanuni, mradi wanachama wenyewe wamekubali.

Hapa kwetu pia mfano upo. Marehemu Paul Bomani alikuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, katika miaka ya 1940, kabla ya kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara wa Kiafrika mjini Mwanza. Mwaka 1953 alikwenda kusoma katika Chuo cha Ushirika cha Loughborough, Uingereza. Aliporudi, wakulima wa pamba waliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955, naye akawa meneja wake mkuu. Si kwamba bila Loughborough pamba isingeuzwa. Lakini mkulima aliyekuwa akipunjwa kwenye mizani alihitaji mtu wake mwenyewe ajuaye kusoma hesabu za mnunuzi, na mtu huyo hapatikani bila gharama. Leo masomo ya namna hiyo yapo karibu zaidi: Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina tawi lake Kizumbi, nje kidogo ya mji wa Shinyanga.

Kuhusu maktaba, wazee watakumbuka mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO kati ya mwaka 1968 na 1972. Makao yake yalikuwa Mwanza nao ulienea katika mikoa ya ziwa, Shinyanga ikiwamo; Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mwanza. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba. Baadaye, mwaka 1974, likaanzishwa Mwanza gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, ili waliojua kusoma wasisahau. Maktaba nyingi za vijijini za miaka ile zilikufa kwa sababu ya kawaida kabisa: vitabu viliazimwa bila daftari. Chama kinachoanza leo kisiogope kuanza na kabati moja ndani ya ghala, lakini kianze na daftari la kuazimia siku ileile.

Sasa tufike kwenye fedha, maana hapo ndipo mifuko mingi hufia.

Kwanza ijulikane fedha ndogo ya chama inaziba pengo gani. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za Serikali ilifutwa mwaka 2022. Kwa masomo ya juu ipo Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Chama cha msingi hakina haja ya kushindana na vyombo hivyo, wala hakiwezi. Pengo liko kabla yake. Mwombaji wa mkopo hana budi kuhakikisha cheti chake cha kuzaliwa kwa RITA, na aliye yatima cheti cha kifo cha mzazi. Atafute mdhamini, sahihi ya ofisi ya kijiji, muhuri wa wakili au hakimu, na alipe ada ya maombi. Maombi hufanywa kwa mtandao, na kijijini mtandao ni nauli ya kwenda mjini. Anayekwenda kidato cha tano atatakiwa godoro, sare, daftari na nauli. Kijana aweza kukosa mkopo wa mamilioni kwa kukosa shilingi elfu hamsini ndani ya mwezi mmoja. Fedha ya chama ikitolewa mwezi huo ina thamani kubwa kuliko fedha mara tano yake itakayotolewa Desemba.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme chama kimepokea kilo 200,000 za pamba mbegu katika msimu, na Mkutano Mkuu umekubali kutenga shilingi 5 kwa kila kilo. Mfuko utapata shilingi 1,000,000. Tuseme shilingi 300,000 zimekwenda kwenye vitabu na taa ya maktaba, na shilingi 600,000 zimegawiwa wahitimu sita, kila mmoja 100,000. Zinabaki 100,000 za kuanzia mwaka ujao. Mwanachama aliyeleta kilo 800 amechangia shilingi 4,000. Katibu awaeleze wanachama kiasi hicho kwa mtu mmoja mmoja, asiwatajie ile milioni peke yake, kwa maana mkulima ana haki ya kujua kilichotoka katika gunia lake.

Wakulima wa pamba wameona makato mengi yenye majina mazuri. Vyama vikuu vilichunguzwa na Tume ya mwaka 1966, vikavunjwa Mei 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mzee aliyepitia yote hayo akiuliza fedha inakwenda wapi asiitwe mpinzani wa maendeleo. Kwa ajili hiyo makato ya mfuko yaingizwe katika makisio ya mapato na matumizi, yapitishwe na Mkutano Mkuu na kupelekwa kwa Mrajis kama Sheria Na. 6 ya mwaka 2013 inavyotaka, kisha yawe na akaunti yake benki. Yasichanganywe na fedha ya ununuzi hata kwa siku moja. Malipo ya wakulima yakichelewa, kishawishi cha kukopa katika mfuko wa masomo ni kikubwa mno, na fedha iliyokopwa hivyo haijulikani kurudi mwezi wa nauli.

Uchaguzi wa watakaosaidiwa ni mgumu kuliko hesabu. Hapa ndipo katibu hujaribiwa, kwa kuwa mjomba wake, mwenyekiti wake na jirani yake wote wana watoto. Njia iliyo salama ni kuwa na kamati ya watu watano, wawili kati yao wasiwe wajumbe wa Bodi ya chama, na mmoja awe mwalimu. Fomu zipewe namba, majina yafunikwe hadi uamuzi utakapofikiwa. Mjumbe mwenye ndugu katika orodha atoke nje, na kutoka kwake kuandikwe katika kumbukumbu. Alama za mtihani zisitazamwe peke yake: binti aliyepata daraja la pili huku akilea wadogo zake aweza kustahili kuliko aliyepata la kwanza akitoka nyumba yenye duka. Orodha ya waliopata, pamoja na kiasi, ibandikwe ukutani pa ghala. Sababu za umaskini wa mtu zisibandikwe.

Je, iwe zawadi au mkopo? Vyama vingine hupendelea mkopo ili mfuko uzunguke. Kwa kiasi kidogo kama hiki, gharama ya kumfuata mdaiwa Dodoma au Dar es Salaam huzidi deni lenyewe, tena kijana huyo atakuwa na deni la Bodi ya Mikopo. Ni afadhali iwe zawadi yenye kazi: katika miezi ya kungoja, mhitimu afungue maktaba jioni tatu kwa juma, aandike daftari la kuazimia, na awasomeshe wa kidato cha pili hesabu. Hivyo anakuwa na sababu ya kuonekana kijijini na si machimboni. Kila malipo yawe na hati yenye sahihi yake, na stakabadhi za nauli au vifaa zirudishwe, ili mkaguzi wa COASCO akija azikute mahali pamoja.

Kwa vikundi vya mafunzo: chama chenu kilipokea kilo ngapi msimu uliopita, na shilingi 3 kwa kilo zingetoa kiasi gani? Ni wahitimu wangapi wa kata yenu waliochaguliwa mwaka huu wakashindwa kwenda, na kila mmoja alikwamia wapi? Majibu yaandikwe na katibu na kusomwa katika Mkutano Mkuu ujao, kabla ya ajenda ya makisio.